Pickering, Desemba 2015: magogo, tuta na hesabu ya nyumba zilizopona

Krismasi ya mwaka 2015 iliwakuta watu wengi wa kaskazini mwa Uingereza wakipandisha makochi na mazulia ghorofani. Mito ilikuwa imefura. Jijini York, maji yalianza kuingia kwenye jengo la pampu za Foss Barrier, lile lango linalozuia mto Ouse usirudishe maji kwenye mto mdogo wa Foss, na wahandisi wakaamua kuliinua kabla umeme haujaharibika na lango likakwama limefungwa. Mamia ya nyumba zikaingiliwa na maji. Kilomita zipatazo 40 kutoka hapo, kuelekea kaskazini-mashariki, mji mdogo wa Pickering, wenye wakazi wapatao 7,000, uliamka mkavu. Huo ni mji uliokuwa umefurikiwa mwaka 1999, 2000, 2002 na 2007.

Haikupita hata wiki mbili magazeti yakawa na habari yao: mji uliokataa ukuta wa zege, ukatega magogo mtoni, ukapona. Habari tamu. Ilimfurahisha mpenda mazingira, ilimfurahisha mlipakodi, na ilimpa kila aliyekuwa na ugomvi na wahandisi silaha ya kuwapigia. Tangu hapo Pickering imekuwa ikitajwa kila panapozungumzwa habari ya kulinda makazi dhidi ya mito, mara nyingi kwa sentensi mbili tu.

Kisa chenyewe hakiingii katika sentensi mbili. Kazi iliyofanyika pale ni nzuri na ilileta faida ya kweli, lakini faida hiyo ni ndogo kuliko inavyosimuliwa, na nusu yake imetokana na kitu ambacho wasimulizi hawapendi kukitaja: tuta la kihandisi lililojengwa kwa mashine, likasimamiwa na sheria ya mabwawa. Zaidi ya hapo, mji huu haukupewa nafasi ya kuukataa ukuta. Ukuta ndio ulioukataa mji, kwenye karatasi za hesabu.

Tuanze na mahali. Kijito kinachopita katikati ya mji kinaitwa Pickering Beck. Kinakusanya maji kutoka eneo lisilofika hata kilomita za mraba 70 la nyika za juu za North York Moors, nchi ya mboji, vichaka vifupi vya heather na misitu ya kupandwa. Kabla ya kufika mjini, maji hupita kwenye korongo la Newtondale, bonde refu jembamba lenye kuta za mwinuko, lililochongwa na maji ya barafu mwishoni mwa enzi ya barafu. Umbo hilo ndilo lenye shida. Mvua ikinyesha juu, maji hayana pa kutanda wala pa kutulia. Yanashuka kwa pamoja na kufika mjini baada ya saa chache tu. Ndani ya korongo hilo hilo imepita reli iliyofunguliwa mwaka 1836, mhandisi wake akiwa George Stephenson, na mabehewa yake ya kwanza yakikokotwa na farasi. Leo ni treni ya mvuke ya watalii. Msomaji aikumbuke reli hiyo, kwa sababu mtu anayetaka kuhifadhi maji kwenye bonde lile lazima kwanza ajiulize maji hayo yatafika wapi kwenye tuta la reli.

Mjini kwenyewe, kijito kinapita kando ya nyumba za mawe za zamani, maduka, kituo cha treni na jumba dogo la makumbusho la Beck Isle. Hakuna nafasi ya kupanua mkondo bila kubomoa. Mafuriko ya Juni 2007 yaliacha hasara iliyokadiriwa kuwa takriban pauni milioni 7, na kwa mji wa ukubwa ule hizo si fedha za kusahau.

Baada ya mafuriko ya mwanzo, Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulikuwa umechora mpango wa kawaida: kuta za kuzuia maji kupita mjini, zenye kiwango cha kuhimili mafuriko makubwa. Gharama iliyotajwa ni takriban pauni milioni 20. Fedha za umma za kazi hizo nchini Uingereza hugawanywa kwa kulinganisha hasara itakayoepukwa na gharama ya mradi, kisha miradi yote ya nchi hupangwa foleni. Mji wenye nyumba elfu kumi zilizo hatarini hupita mbele. Mji wenye nyumba chache, hata kama zinaingiliwa na maji kila baada ya miaka michache, hubaki nyuma mwaka hadi mwaka. Pickering ilibaki nyuma.

Hapo ndipo hasira zilipoanzia, na mtu akiwasikiliza wenye nyumba haoni ajabu. Ukiambiwa kwamba nyumba yako haistahili kulindwa kwa sababu jirani zako ni wachache, hesabu inaweza kuwa sahihi na bado ikakukera. Wapo pia waliouchukia ukuta wenyewe, ambao ungeuficha mto na kuharibu sura ya mji unaoishi kwa watalii. Kwa hiyo mji ulikuwa na wanaolia kwamba hawapewi ukuta na wasioutaka kabisa, na wote walikubaliana kwa jambo moja tu: wataalamu walikuwa wamekuja na jibu kabla ya kuuliza swali.

Mwaka 2007 kulianza jaribio ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha kisa chote, ingawa halina picha nzuri ya kuweka gazetini. Watafiti wa vyuo vikuu, wakiwamo mwanajiografia Sarah Whatmore wa Oxford na mtaalamu wa mito Stuart Lane, aliyekuwa Durham wakati huo, waliunda kikundi cha pamoja na wakazi wa eneo hilo, wakakiita Ryedale Flood Research Group. Hawakuja na mpango wa kuupigia debe. Wakazi walileta picha, video na kumbukumbu: maji yalianzia wapi, yalifika ngazi ya ngapi, yalichukua muda gani, daraja lipi lilianza kuziba. Watafiti wakaleta kompyuta. Swali wakalibadilisha. Badala ya kuuliza ukuta uwe na urefu gani mjini, wakauliza: je, maji yanaweza kucheleweshwa huko juu, kidogo kidogo, mahali pengi, kabla hayajafika?

Wakatengeneza modeli rahisi ya bonde zima, wakaweka ndani yake matuta madogo mengi, wakaona kilele cha mafuriko kinashuka. Mwaka 2008 wakayaonyesha matokeo hayo kwenye maonyesho mjini Pickering. Mwaka huo huo ikatoka ripoti ya Sir Michael Pitt kuhusu mafuriko ya kiangazi cha 2007, yaliyoua watu 13 nchini na kuingia katika majengo zaidi ya 50,000. Ripoti hiyo ilishauri, pamoja na mengine, kufanya kazi na mwenendo wa asili wa mito pale inapowezekana. Serikali ikatafuta mahali pa kujaribia, na Pickering tayari ilikuwa na modeli, watu waliokwisha kuzungumza, na hasira ya kutosha kusukuma jambo. Mwaka 2009 mradi ukaanza chini ya taasisi ya utafiti wa misitu, Forest Research, pamoja na Wakala wa Mazingira, mamlaka ya hifadhi ya taifa, halmashauri na Chuo Kikuu cha Durham.

Kazi ya kwanza ilikuwa magogo. Watu wengi wakisikia “bwawa la magogo” hufikiria kizuizi kinachofunga kijito. Sivyo. Vigogo vinalazwa kukatisha mkondo, ncha zake zikabanwa kwenye kingo au katikati ya miti iliyo hai ili visichukuliwe na maji, na chini yake inaachwa nafasi. Siku za kawaida kijito kinapita chini bila kusumbuliwa, na samaki wanapita. Maji yakipanda, yanagonga magogo, yanapunguza kasi, yanafurika pembeni na kuingia msituni, ambako yanazungukazunguka kati ya mashina na matope kabla ya kurudi mkondoni. Ile nafasi ya chini ndiyo akili ya kifaa hiki. Kizuizi kisichovuja kinajaa kwa mvua ya kwanza, na mafuriko yenyewe yanapofika hakina tena pa kuyaweka.

Vilitengenezwa vizuizi 167 vya aina hiyo: 129 kwenye bonde la Pickering Beck na vingine 38 kwenye bonde jirani la mto Seven. Huko juu zaidi, kwenye makorongo madogo ya nyika, vilijengwa vizuizi vidogo 187 vya marobota ya heather iliyokatwa na kufungwa, ili kuziba mifereji iliyokuwa ikiharakisha maji kutoka kwenye mboji. Mkulima wa milimani aliyewahi kuchimba makinga maji kwenye shamba la mteremko ataielewa kazi hiyo bila mchoro. Kando ya vijito vya nyikani pia wakapunguza uchomaji wa heather, unaofanywa huko kwa ajili ya ndege wa kuwinda, kwa sababu ardhi iliyoungua haishiki maji.

Mahali pa kuweka vizuizi hapakuchaguliwa kwa macho. Ni jambo ambalo waigaji wengi wa Pickering hulipita haraka, na linaweza kuleta maafa. Kila kijito kina kilele chake cha mafuriko, na vilele hivyo havifiki mjini saa moja. Ukikichelewesha kijito ambacho kwa kawaida hupitisha maji yake mapema, kilele chake kinaweza kukutana na cha kijito kingine, na mafuriko mjini yakawa makubwa kuliko kabla hujafanya lolote. Ni kama kuwazuia kwa nusu saa mashabiki wa jukwaa moja wasitoke uwanjani, kisha ukawafungulia wakati ule ule jukwaa la pili linapotoka. Watu wa Durham waliendesha modeli mara nyingi kujua kijito kipi kicheleweshwe na kipi kiachwe kikimbie.

Miti ilikuwa na maendeleo ya wastani. Zilipandwa hekta 44 hivi katika mabonde yote mawili, kingo za mito na mashamba kwa pamoja, na lengo la mwanzo lilikuwa kubwa kuliko hapo. Sababu haihitaji utafiti. Mwenye shamba akipanda miti ya asili kando ya mto amelitoa shamba hilo kwenye uzalishaji kwa maisha yake yote, na malipo aliyoahidiwa hayakuwa na uzito huo. Vizuizi vya magogo vilikwenda haraka kwa sababu kinyume chake ndicho kilichokuwapo: sehemu kubwa ya bonde la juu ni msitu wa umma wa Cropton, na nyika nyingine ni mali ya Duchy of Lancaster, yaani miliki ya ufalme. Saini mbili tatu zikapatikana, kazi ikaanza. Anayetaka kuipeleka Pickering mahali penye wakulima mia tatu wenye ekari mbili mbili aanze na hesabu ya saini kabla ya hesabu ya magogo.

Na bado, modeli ilikuwa ikisema wazi kwamba magogo, marobota na miti peke yake havitoshi. Vinapunguza kilele, lakini kwa kiasi kisichofika kiwango ambacho mji ulikitaka. Ilibidi pawe na mahali pa kuhifadhi maji mengi kwa mpigo. Hapo ndipo linapokuja tuta.

Mpango wa awali ulikuwa na matuta zaidi ya moja, ya chini chini, ya gharama nafuu. Sheria ikaingia kati. Nchini Uingereza, chombo chochote kinachoweza kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo 25,000 juu ya usawa wa ardhi kinahesabiwa kuwa bwawa chini ya Sheria ya Mabwawa ya mwaka 1975, na sheria ya mwaka 2010 ilikuwa ikielekeza kukishusha kiwango hicho hadi 10,000. Bwawa lililo juu ya mji, hata kama limejaa kwa siku moja tu katika miaka kadhaa, lazima listahimili mafuriko makubwa mno kuliko yale lililojengwa kuyazuia. Mantiki yake haipingiki: tuta likipasuka usiku maji yote yatateremka mjini kwa dakika chache, na mji utakuwa umejitengenezea janga ambalo mto wenyewe usingeweza kulileta. Lakini mantiki hiyo ina bei. Michoro ikarudiwa, matuta yakawa tuta moja kubwa huko Newtondale, gharama ikapanda, miaka ikapita. Wakazi wakaona mambo ni yale yale ya zamani. Fedha zikachangwa kutoka serikalini na kwenye halmashauri ya wilaya ya Ryedale, na tuta likakamilika mwaka 2015, likafunguliwa rasmi Septemba. Miezi mitatu baadaye likapata mtihani wake.

Tuta hilo limekatisha bonde na lina tundu la kupitishia maji. Kijito kinapita humo siku zote. Maji yakizidi uwezo wa tundu, yanarudi nyuma na kutanda kwenye malisho, hadi mita za ujazo 120,000. Chukua mfano tuone maana yake: kama kijito kinaleta mita za ujazo 10 kwa sekunde zaidi ya kile mji unachoweza kukipitisha, nafasi hiyo itajaa baada ya sekunde 12,000, yaani saa tatu na dakika ishirini. Kwa mto mkubwa huo ni muda usio na maana. Kwa kijito ambacho kilele chake chote hupita katika saa chache, ndio muda unaotenganisha zulia lililolowa na zulia kavu.

Sasa turudi Desemba 2015. Kwenye bonde la Pickering zilinyesha milimita 50 za mvua katika saa 36. Msomaji wa Dar es Salaam atashangaa, maana milimita 50 huko ni kazi ya mchana mmoja wa Aprili. Lakini mwezi ule ulikuwa miongoni mwa miezi yenye mvua nyingi zaidi kuwahi kurekodiwa Uingereza, ardhi ilikuwa imeshiba, na tone lililoanguka halikuwa na pa kuingia.

Uchambuzi rasmi uliotolewa mwaka uliofuata ulikadiria kwamba hatua zote kwa pamoja zilipunguza kilele cha mafuriko kwa asilimia 15 hadi 20. Karibu nusu ya upungufu huo ilitokana na kazi za juu, yaani magogo, marobota na miti, na nusu nyingine ikatokana na tuta. Kisha ikaja sentensi ambayo magazeti hayakuipa kichwa cha habari: bila kazi hizo, maji yangeingia katika idadi ndogo ya nyumba, pamoja na jumba la makumbusho.

Idadi ndogo. Mji haukuponea chupuchupu kuzama. Mvua ile, kwa bonde lile, haikuwa ya kutisha kama ile iliyoipiga York au miji ya magharibi ya Yorkshire. Mito hiyo ina mabonde tofauti, ilipokea mvua tofauti, na kuweka picha ya York iliyozama kando ya picha ya Pickering kavu, kisha kusema tofauti ni magogo, ni kumdanganya msomaji. Hata hivyo sioni kwa nini wahusika waone haya. Kwa mwenye nyumba mmojawapo kati ya hizo chache, Krismasi ile ilikuwa kavu, na kwake yeye hiyo ndiyo takwimu nzima.

Kinachonivutia zaidi ni kiwango cha ulinzi kilichokubaliwa tangu mwanzo. Kabla ya mradi, uwezekano wa mji kufurikiwa ulikuwa asilimia 25 kila mwaka, au mara moja kwa wastani wa miaka minne. Lengo lilikuwa kuushusha hadi asilimia 4 au chini yake, mara moja kwa miaka 25. Kuta za kawaida za mijini huko hulenga asilimia 1. Kwa maneno mengine, Pickering ilikubali ulinzi hafifu zaidi kwa sababu ndio ulioweza kulipiwa.

Asilimia 4 inasikika kama si kitu. Fanya hesabu ya mtu aliyenunua nyumba kwa mkopo wa miaka 30. Uwezekano wa kupita miaka hiyo yote bila kufurikiwa hata mara moja ni 0.96 ikizidishwa kwa yenyewe mara 30, ambayo ni kama 0.29. Basi ana uwezekano wa asilimia 71 wa kuyaona maji sebuleni angalau mara moja kabla hajamaliza deni. Kwa hali ya zamani, ya asilimia 25 kwa mwaka, uwezekano wa kupona kwa miaka hiyo 30 ulikuwa chini ya mmoja katika elfu tano. Ni sawa na kusema hakuna. Mradi umemtoa mwenye nyumba kwenye uhakika wa kufurikiwa mara kadhaa, ukamweka kwenye uwezekano mkubwa wa kufurikiwa mara moja au mbili. Hayo ni mabadiliko makubwa katika maisha ya mtu. Si kinga, na anayeyaita kinga amuulize mwenye nyumba kama yuko tayari kuondoa mbao zake za kuzibia mlango.

Kwa sababu hiyo nyumba zenyewe haziwezi kuachwa nje ya kisa. Nyumba ya matofali ya Kiingereza huingiliwa na maji kwa njia ambazo mwenyewe hazioni: chini ya mlango, ndiyo, lakini pia kwenye vitundu vya hewa vilivyo chini ya sakafu, kwenye matundu ya mabomba na nyaya, kupitia sakafu yenyewe, na mbaya kuliko zote, kwa kurudi juu kupitia choo, mfereji wa maji taka unapozidiwa. Mtu akanunua mlango wa bei mbaya wa kuzuia mafuriko, akasahau kuweka vali ya njia moja kwenye bomba la choo, anakuwa amefunga dirisha na kuacha mlango wa nyuma.

Dawa zake zinajulikana na nyingi si ghali: mbao za kuchomeka mlangoni, vifuniko vya vitundu vya hewa, vali hiyo ya choo, pampu ndogo chini ya sakafu. Wengine huenda mbali zaidi na kuiandaa nyumba ili maji yakiingia yasiiharibu sana. Soketi hupandishwa juu ya ukuta, vigae vinachukua nafasi ya zulia, plasta ya jasi inabanduliwa na kuwekwa ya chokaa, makabati ya jikoni yanatengenezwa kwa kitu kisichovimba. Kuna kikomo ambacho watu hukisahau wakiwa kwenye hofu. Ukuta wa kawaida wa matofali haukujengwa kubeba uzito wa maji upande mmoja. Yakizidi takriban sentimita 60 nje huku ndani ni kavu, ni heri uyafungulie mlango yaingie kuliko kusubiri ukuta uanguke. Mwenye nyumba aliyepambana usiku kucha kuyazuia hapendi kusikia hivyo, lakini maji ni mazito.

Suala la bima nalo limebadilika katika kipindi hicho hicho. Baada ya mafuriko mawili matatu, kampuni za bima zilikuwa zikipandisha ada au kuweka kiasi kikubwa ambacho mteja hujilipia mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, na nyumba isiyo na bima haiuziki kwa mkopo. Aprili 2016 ukaanza mpango wa taifa uitwao Flood Re, ambao kampuni za bima huupelekea sehemu ya hatari ya mafuriko kwa ada maalumu. Nyumba zilizojengwa kuanzia mwaka 2009 hazimo, ili mtu asijenge bondeni akitegemea fungu la wenzake, na biashara nazo hazimo. Kwa mji kama Pickering hilo la pili lina uchungu wake, maana majengo mengi yaliyo kando ya kijito ni maduka na migahawa. Mpango umewekewa mwisho mwaka 2039. Kufikia hapo bei ya bima inatakiwa ifuate hatari halisi, na hatari halisi ya asilimia 4 kwa mwaka itaonekana kwenye bili.

Tangu 2015 jina la Pickering limefungua milango. Mwaka 2017 serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 15 kwa miradi ya kuzuia mafuriko kwa njia za asili, na wanaoomba fedha za miradi kama hiyo wamekuwa wakiitaja. Mwaka 2019 walitolewa beva wawili, wanyama wanaokata miti kwa meno na kujenga mabwawa kwenye vijito, kwenye uzio ndani ya msitu wa Cropton ili ionekane kama wangevitunza na kuviongeza vizuizi, na walichapa kazi bila posho: wamezaa, wamejenga mabwawa yao wenyewe. Ni habari nyingine tamu, na itapata sentensi zake mbili.

Ushahidi wenyewe una mipaka yake. Umetoka kwenye bonde dogo, lisilofika kilomita za mraba 70. Kadiri bonde linavyokuwa kubwa ndivyo mchango wa magogo unavyomezwa na wingi wa maji na ndivyo inavyokuwa vigumu kuupima. Halafu kadiri mvua inavyokuwa kubwa, nafasi zote zikishajaa, kizuizi kinachovuja hakina tena cha kuzuia. Mtu mwenye mto mkubwa anaweza kujifunza kwa Pickering namna ya kuzungumza na wakazi na namna ya kuunganisha hatua za juu na za mjini. Idadi ya magogo asiinakili.

Kuna tofauti moja zaidi kati ya ile nusu ya magogo na ile nusu ya tuta, nayo ni ya muda. Tuta liko chini ya Sheria ya Mabwawa, kwa hiyo yupo mhandisi anayewajibika kulikagua kwa utaratibu na kuandika anachokiona, na mmiliki anabanwa kukirekebisha. Magogo ya vile vizuizi 167 hayana sheria hiyo. Yanaoza, kwa kuwa ni mbao zinazolowa na kukauka. Mengine husogezwa na maji, mengine huzibwa na matawi mpaka yakaacha kuvuja na kuanza kufanya kazi ya bwawa dogo lililojaa. Anayeyatunza ni mwenye msitu, kwa kadiri bajeti ya misitu inavyoruhusu, na hesabu ile ya asilimia 4 imefanywa kwa kudhani kwamba yapo yote, mahali pake, na yanavuja.